Spana 14 haiingii, 15 inazunguka: jibu kwa mwenye Land Rover wa Kibakwe

Msomaji mmoja wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, ameniandikia hivi:

"Fundi, shikamoo, na mbukwa. Marehemu baba mkubwa ameniachia Land Rover 109, Series III ya mwaka 1976. Ekseli ya nyuma inavuja oili upande wa kushoto, na bolti za propela zimelegea mara tatu tangu tumalize kuvuna. Kila mara nazikaza mpaka mkono unauma. Nimenunua seti ya spana za milimita, lakini kwenye nati nyingi namba 14 haiingii na namba 15 inazunguka. Dukani wameniuzia bolti za M10, wakasema zinakaa tu, nitoboe kidogo. Nataka kuifungua ekseli mwenyewe. Ninunue spana zipi na bolti zipi?"

Marahaba, kijana wangu, mbukwa. Pole kwa msiba, na hongera kwa kutoliuza gari hilo kwa wauza vyuma chakavu. Kabla ya yote: hizo M10, yaani bolti za unene wa milimita 10, usizifunge, na usitoboe kitu. Ziache kwenye karatasi ulizopewa nazo, tutazirudia mwishoni.

Umeuliza spana na bolti, lakini dalili ulizonieleza ni za gari ambalo mtu alishalifunga bolti zisizo zake. Bolti iliyo sahihi, ikikazwa inavyotakiwa, hailegei mara tatu katika msimu mmoja. Kwa hiyo usitoke nyumbani kwenda dukani. Anza kwa kulala chini ya gari na kipimo mkononi, ujue kila bolti iliyopo ni ya ukoo gani. Ukishajua hilo, orodha ya manunuzi itajiandika yenyewe, na itakuwa fupi kuliko unavyodhani.

Kwa nini nasema ukoo? Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, wakati viwanda vya Uingereza bado vinatumia vipimo vya Joseph Whitworth, yule aliyependekeza thredi moja, yaani meno ya bolti na nati, kwa nchi nzima mwaka 1841. Thredi zake nene huitwa BSW, na ndugu zake wembamba ni BSF. Mwaka huohuo wa Land Rover ya kwanza, 1948, Marekani, Uingereza na Kanada zikaafikiana kutumia thredi za pamoja: nene ni UNC, nyembamba ni UNF. Kiwanda hakikubadilisha vyote kwa mkupuo. Kilibadilisha sehemu hii, kikaacha ile, kwa miaka mingi. Series III yenyewe ilianza kutengenezwa mwaka 1971 na ikaisha 1985, hivyo yale ya mwisho yakakutana na bolti za milimita. Gari lako la 1976 liko katikati: sehemu kubwa ni UNF, lakini BSF bado zimejificha humo, hasa kwenye ekseli. Ongeza na mafundi wote waliopita mikononi mwa baba mkubwa, kila mmoja ameacha chake. Nimewahi kufungua difu moja, lile kasha la gia katikati ya ekseli, hapa Dodoma nikakuta nati za aina nne kwenye duara moja.

Sasa fumbo lako la 14 na 15. Nati hiyo ni ya inchi 9/16, yaani milimita 14.29. Spana 14 haiwezi kuingia, na 15 itazunguka tu mpaka imalize pembe zote za nati. Ukiona nati ya aina hiyo kwenye propela ya Land Rover, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, jua iko nyumbani kwao. Bolti yake ni ya 3/8 UNF. Spana za inchi za namna hii huandikwa AF pembeni, na namba yake ni upana wa kichwa cha bolti, sawa na za milimita ulizozoea.

Seti yako si hasara tupu. Spana 16 inakaa vizuri kwenye nati ya 5/8, kwa sababu hiyo ni milimita 15.88. Namba 19 inakaa kwenye 3/4, ambayo ni 19.05, ingawa nati ikiwa na kutu au rangi utaisukuma kidogo. Namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, 12.7, lakini inacheza. Itumie kushikilia, usiitumie kulegeza nati iliyogoma. Matatizo yako ni 7/16, 9/16 na 11/16. Mbili za mwisho hazina ndugu wa milimita wa karibu, na 7/16 ni milimita 11.11, spana 11 inabana au inagoma kabisa. Hizo tatu ndizo za kununua kwanza: ringi spana moja na soketi moja kwa kila namba, na kwa 9/16 nunua ringi mbili, maana kwenye propela utashika kichwa kwa moja na nati kwa nyingine. Soketi chagua yenye pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili ni rahisi kuingiza gizani, lakini hula pembe za nati kuukuu.

Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, iache nyumbani. Najua kila mtu anayo na mimi ninayo, nashikia bomba la maji nayo. Kwenye ekseli inakula pembe za nati, na nati ikishakuwa duara utatafuta tindo, na tindo ikiingia kazi imekwisha kuharibika.

Whitworth ina mtego wake. Namba iliyoandikwa kwenye spana ya Whitworth si upana wa kichwa, ni unene wa bolti. Spana iliyoandikwa 3/8 W ina mdomo wa inchi 0.71, karibu kabisa na milimita 18. Halafu bolti za BSF zina vichwa vidogo kwa hatua moja, kwa hiyo bolti ya BSF ya 3/8 inafunguliwa kwa spana ya 5/16 W, ambayo ni kama milimita 15.2. Ukiona nati ambayo spana za AF zimekataa na za milimita zimekataa, usilaumu nati. Kwa ekseli yako, spana nne za Whitworth zinatosha: 1/4, 5/16, 3/8 na 7/16. Hiyo ya mwisho, ukikosa, spana ya milimita 21 inakaa vizuri.

Zangu nilirithi. Babu yangu alikuwa Kongwa wakati wa ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Karanga zilikataa ardhi yetu kavu, Waingereza wakafunga virago, lakini babu alirudi kijijini na mfuko wa turubai wenye spana saba zenye herufi W. Mfuko umeoza, spana zipo. Uliza wazee wa huko kwenu kabla hujaagiza mpya. Mpya za Whitworth hapa katikati ya nchi ni adimu kuzipata dukani.

Sasa kupima. Nunua venia, kile kipimo cha taya cha kupimia unene, hata ya bei ndogo, na geji ya thredi yenye majani ya nyuzi 55 na ya nyuzi 60. Kipande hicho kidogo kitakuokolea fedha kuliko zana nyingine yoyote kwenye boksi lako. Familia ya Whitworth, yaani BSW na BSF, ina meno yenye pembe ya nyuzi 55. UNC, UNF na milimita zina nyuzi 60. Ukikosa geji, chukua bolti unayoijua kwa hakika, ilaze meno kwa meno na ile usiyoijua, uziinue juu ya mwanga. Zikiwa ndugu, meno yatalala ndani ya mengine na mwanga hautapita. Zisipokuwa ndugu, utaona mwanya unafunguka na kufunga.

Au hesabu tu. Weka alama kwenye inchi moja ya bolti, milimita 25.4, uhesabu meno. Bolti ya 3/8 ikiwa na meno 24 ni UNF. Ikiwa na 20 ni BSF. Ikiwa na 16, ni UNC au BSW, na hapo ndipo geji inahitajika. Ya nusu inchi: UNF 20, BSF 16, UNC 13, BSW 12. Ya 5/16: UNF 24, BSF 22. Andika kwenye daftari, pamoja na mahali ilipotoka. Mimi huchora duara la difu kwenye kipande cha katoni, natoboa matundu, na kila bolti naichomeka mahali pake. Vijana wa gereji hunicheka, mpaka siku ya kufunga.

Kuna jozi mbili ambazo zimeharibu ekseli nyingi, na nakuomba uzikumbuke kwa majina. Ya kwanza ni 5/16 UNF na M8. Unene ni milimita 7.94 kwa 8.00, macho hayawezi kutofautisha. Lakini M8 ya kawaida ina meno kama 20 kwa inchi, wakati tundu lina 24. Itaingia mizunguko miwili, itagoma, na mwenye haraka ataongeza bomba kwenye spana. Sauti ya kwanza utakayosikia ni ya tundu kufa thredi. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haina sauti: 3/8 UNC na 3/8 BSW. Zote zina meno 16 kwa inchi. Nati itaingia mpaka mwisho kwa raha zote. Ila pembe ni 60 kwa 55, kwa hiyo meno yanagusana kwenye mstari mwembamba badala ya uso mzima, na siku gari likipigwa na korongo, ndipo utajua.

Mtihani wangu ni mmoja: bolti safi kwenye tundu safi lazima iingie kwa vidole viwili mpaka kichwa kiguse. Spana ni ya kukazia, si ya kuingizia. Nati ya nailoni ndiyo pekee iliyosamehewa, na hata hiyo ni pale meno yanapofika kwenye nailoni tu.

Sasa kwa nini bolti zako za propela zinalegea ilhali unakaza mpaka mkono unauma? Nataka uelewe jambo hili vizuri, maana hapa mafundi wengi tunakosea, na mimi nilikosea miaka.

Tunadhani bolti ya propela inabeba mzigo kama msumari: flenji moja, ile sahani ya chuma yenye matundu ya bolti, inasukuma bolti, bolti inasukuma flenji nyingine. Sivyo. Bolti ni springi. Unapoikaza inavutika kidogo sana, na kwa kuvutika huko inazibana flenji mbili mpaka msuguano kati yao unabeba kazi yote. Flenji zikibanwa sawasawa haziteleziani hata kidogo, na bolti haijui kama gari linapanda mlima au limesimama. Msuguano ukipungua, flenji zinaanza kuchezea, zinaipiga bolti pembeni kushoto na kulia kila unapokanyaga na kuachia mafuta, na hapo hakuna nati itakayokaa.

Bolti ya 3/8 UNF ya propela hukazwa kwa futi-pauni 35, kama Nm 47. Kwa bolti kavu, hiyo inazaa nguvu ya kubana ya takribani tani mbili na nusu kwa kila bolti. Ziko nne, kwa hiyo flenji imebanwa kama kwa tani kumi. Bolti nzuri inavumilia hilo bila taabu. Sasa chukua bolti ya dukani isiyo na alama yoyote, au yenye alama 4.6, ile ya kufungia mageti na vitanda. Hata ikiwa M10 iliyo nene kidogo, chuma chake kinaanza kunyooka bila kurudi ukikaribia tani moja nukta nne hivi. Wewe unaikaza kwa nguvu zako zote, inanyooka kama ubani, unahisi spana inaendelea kuzunguka kidogo, unasema "sasa imekaza kweli". Imekufa. Kilomita mia mbili baadaye imelegea, unaikaza tena, inanyooka tena. Huo ndio mzunguko wako wa mara tatu, na dawa yake si mkono wenye nguvu zaidi.

Kwa hiyo soma kichwa cha bolti. Za inchi zenye mistari mitatu kichwani ni gredi 5, na hizo ndizo kipimo cha chini kwa chochote kinachozunguka au kinachoshikilia ekseli. Mistari sita ni gredi 8, nguvu zaidi. Za milimita zinazolingana ni 8.8 na 10.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya chuma kwa megapaskali, na ya pili inakuambia ni sehemu gani ya nguvu hiyo bolti inafika kabla ya kunyooka: 8.8 ni 800, hunyooka kwenye asilimia 80 yake, yaani 640. Bolti za zamani za Kiingereza unaweza kukuta herufi R au S kichwani. S inakaribiana na gredi 5, itunze. Isiyo na alama ni ya geti. Bolti za chuma kisichoshika kutu zinang'aa na zinapendeza, lakini nyingi ni dhaifu kuliko 8.8 na zina tabia ya kung'atana meno zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo zifungie bodi. Na usiniletee 12.9 ukidhani zaidi ni bora. Chuma kigumu sana kina tabia ya kukatika ghafla bila kukuonya.

Hapa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, inaingia. Tafuta inayoanzia kama Nm 20 hadi 30 na kuishia 150 au 200. Si lazima iwe yako. Mnaweza kununua watu watatu wenye magari. Ikae ikiwa imelegezwa baada ya kazi, na usifungulie nati nayo. Kumbuka pia kwamba namba za kitabu kwa kawaida ni za thredi safi na kavu. Ukipaka oili, msuguano unapungua na toki ileile itaibana bolti zaidi ya ilivyokusudiwa.

Kabla hujafunga bolti mpya za propela, angalia matundu ya flenji. Bolti zilizolegea mara tatu huenda zimeyafanya kuwa mviringo wa yai. Yakiwa hivyo, badilisha flenji, usijazie kwa kuchomelea. Tikisa krosi zote mbili, yaani viungo vya propela, kwa mkono, na tikisa flenji ya difu yenyewe juu na chini. Krosi iliyokufa hutetemesha propela na tetemeko hulegeza hata bolti nzuri. Weka alama ya tindo au rangi kwenye flenji zote mbili kabla ya kuachanisha, ili irudi ilivyokuwa. Nati za nailoni funga mpya kila mara.

Halafu kuna jambo ambalo nisipokuambia nitakuwa nimekukosea. Breki ya mkono ya Land Rover hii haipo kwenye magurudumu. Ni dramu iliyo nyuma ya gia boksi ndogo, inashika propela ya nyuma. Ukifungua propela hiyo, au ukichomoa hafu shafti moja, ile fimbo inayotoka kwenye difu kuzungusha gurudumu, breki ya mkono haishiki tena kitu. Na hata kama kila kitu kimefungwa, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu linaruhusu hilo la hewani kuzunguka, na gari linaweza kuondoka. Zamani, mimi bado kijana, gari la namna hii lilishuka taratibu kutoka mahali nilipoliegesha likavunja ukuta wa jiko la watu. Nilikuwa nimetoka chini yake dakika mbili kabla, kwenda kunywa maji. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, pande zote, na ekseli ikae juu ya stendi mbili za chuma. Matofali hapana. Tofali la kuchoma likipasuka halitoi taarifa. Huko kwenu Kibakwe pana miteremko, kwa hiyo tafuta uwanja tambarare, hata kama ni wa shule siku ya Jumamosi.

Turudi kwenye oili upande wa kushoto. Usikimbilie sili, ile ringi ya kuzuia oili isitoke. Juu ya ekseli kuna kipumulio, kitu kidogo kama plagi yenye tundu. Barabara zetu zina vumbi kiangazi na tope masika, na ukivuka mbuga za upande wa Bahi mara mbili tu kinaziba. Ekseli ikipata moto hewa inapanuka, inakosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili. Kifungue, kioshe kwa dizeli, pulizia mpaka kipumue. Nimeshawaona watu wakibadilisha sili tatu kwa mwaka kwa sababu ya kitundu hicho.

Kama bado inavuja, basi ni habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ekseli hii ina sifa moja nzuri: uzito wa gari umebebwa na habu, si hafu shafti. Kwa hiyo unafungua bolti sita za flenji ya nje, unavuta hafu shafti yote bila hata kutoa gurudumu. Hizo bolti sita zinaingia kwenye tundu la habu lenye thredi, na hapo ndipo M8 na M10 za kulazimisha hufanya uharibifu, kwa sababu anayekufa ni habu, siyo nati ya kununua. Pitisha tapu, chombo cha kukatia thredi, ya kipimo sahihi kwa mkono kusafisha kila tundu, futa, halafu jaribu bolti kwa vidole kama nilivyosema.

Ndani utakuta nati mbili kubwa bapa na waasha ya kukunja katikati yake. Hizi zinataka boksi spana ya milimita 52. Inunue. Ni kipande cha bomba tu, si ghali, na karibu kila Land Rover niliyoifungua ina makovu ya tindo kwenye nati hizo kwa sababu kuna mtu hakuinunua. Anayekaza beringi kwa tindo na nyundo hawezi kujua amekaza kiasi gani. Ama beringi inaungua, ama gurudumu linacheza. Inyooshe waasha, toa nati ya nje, waasha, nati ya ndani, habu itakuja. Wakati wa kurudisha, kaza nati ya ndani huku ukizungusha habu ili beringi zikae, kisha irudishe nyuma kidogo mpaka pawe na mchezo mdogo ambao vidole vinausikia lakini macho hayauoni vizuri. Kitabu cha gari kina kipimo chake kamili. Waasha ya kukunja iwe mpya.

Ukiweka sili mpya, pitisha ukucha kwenye ringi ambayo mdomo wa sili unakalia. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja kama ya zamani. Badilisha na hiyo ringi. Viatu vya breki vilivyolowa oili ya gia usivioshe kwa petroli ukidhani vimepona. Badilisha, pande zote mbili.

Difu lenyewe liangalie kwa nyuma. Likiwa na tumbo laini la bati lisilofunguka, ni ekseli ya Rover, na difu hutokea kwa mbele likiwa zima. Likiwa na mfuniko uliofungwa kwa bolti kuzunguka nyuma na kasha nene la kusubu, ni Salisbury, ambayo 109 nyingi za Series III zinayo. Hiyo ukifungua mfuniko kuangalia meno na kubadilisha gasketi, sawa. Kuyatoa yaliyo ndani kunahitaji chombo cha kutanua kasha, hivyo mwachie mwenye nacho.

Ukiwa bado chini, tazama yubolti, zile za umbo la U zinazobana ekseli kwenye springi, na senta bolti za springi. Senta bolti ni ndogo na inasahaulika, lakini ndiyo inayoishikilia ekseli isisogee. Ikikatika gari linatembea upande kama kaa. Yubolti zikishafunguliwa baada ya miaka arobaini, weka mpya zote nne, na uzikaze tena baada ya kilomita mia moja au mbili. Kuna wanaokunja yubolti kwa nondo ya ujenzi iliyopashwa moto jikoni. Nondo ni ya nguzo za nyumba. Mwambie hapana, kwa heshima.

Nati iliyogoma kwa kutu, ipe muda. Brashi ya waya, mafuta ya kupenya jioni, asubuhi tena, gonga kichwa chake kwa nyundo moja kwa moja mara kadhaa, kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Moto uwe wa mwisho, na bolti iliyopata moto mpaka ikawa nyekundu usiirudishe. Ugumu wake umeondoka hata kama inaonekana nzima. Moto huo ukae mbali na sili, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Utazipata wapi? Ukiingia duka la spea za magari madogo Dodoma ukauliza UNF, utaonyeshwa M10. Nenda maduka ya spea za trekta. Massey Ferguson za zamani, kama 135, zimefungwa kwa UNF na UNC, na kwa kuwa mkoa wetu unalima, wauzaji hao wanazo bolti hizo kwenye makopo wala hawajui kama mwenye Land Rover anazitafuta. Beba bolti ya mfano, beba geji, hesabu meno palepale kaunta, na uangalie mistari kichwani. Boksi spana ya 52, ringi za sili na yubolti uwezekano mkubwa ni kuagiza Gerezani, Dar es Salaam, zije na basi. Bolti za BSF zikikosekana kabisa, fundi wa mashine ya kukerezea anaweza kukutengenezea stadi, yaani bolti isiyo na kichwa, ila mpe chuma cha bolti nzuri kuukuu akikereze, usimwachie achague mwenyewe.

Nati za magurudumu usizichanganye: kuna za BSF 9/16 na kuna za milimita 16 za magari ya miaka ya mwisho, na nimeona gari moja lenye habu za aina zote mbili. Pima kila gurudumu peke yake.

Sasa zile M10. Angalia vichwa vyake. Zikiwa na 8.8, zirudishe dukani, na mwenye duka akikataa zihifadhi, magari ya Kijapani yanazitumia kila siku. Zisipokuwa na alama, mkokoteni wa ng'ombe unazipenda sana. Ukishahesabu meno ya bolti za propela niandikie namba ulizopata, pamoja na unene kwa venia, na uniambie nyuma ya difu pana mfuniko au hapana.